Walivyonitoa Mbavu Tatu

Maumivu yalianzia ubavuni, upande wa kulia, pale sidiria inapopita chini ya kwapa, na kwa sababu hiyo mtu wa kwanza wa hospitali niliyemweleza alinishauri ninunue sidiria kubwa zaidi. Sitanii. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja huko Athi River, mwanamke wa umri wangu, na alisema hivyo bila kuinua macho kwenye daftari lake. Nikanunua. Sidiria ilinikaa vizuri sana. Maumivu yakabaki palepale.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na karne mpya ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa msimamizi wa laini katika kiwanda cha nguo pale EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, nikiangalia wanawake wanaoshona suruali za watu ambao hatutawaona kamwe. Wiki nzima nilikaa katika chumba cha kupanga karibu na kiwanda. Jumamosi jioni nilirudi nyumbani Kangundo, alikokuwa mume wangu, mama yake na watoto wetu watatu. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena mzee wa kanisa. Nilimwita Mwalimu, mama yake alimwita Mwalimu, na nadhani hata yeye mwenyewe, akijisemesha moyoni, alijiita Mwalimu.

Na nilikuwa navuta sigara. Niseme mapema, kwa sababu miaka mingi sikusema. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, chuoni nilikojifunzia ushonaji mjini Machakos. Msichana tuliyelala naye chumba kimoja alinipa moja, nikakohoa, akanicheka, nami sikupenda kuchekwa. Tangu hapo nilivutia nyuma ya vyoo vya ploti nilikopanga, nikatafuna majani ya mpera kuondoa harufu, kisha Jumapili nikakaa safu ya pili kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Kangundo nzima hakuna aliyejua. Mume niliyezaa naye watoto watatu hakujua. Kama ni kudharau watu, nianzie kwangu. Nilikuwa mwongo hodari.

Maumivu yalipoongezeka, kikohozi kikaja nyuma yake, na Mwalimu akanipeleka hospitali mjini Machakos. Walinipiga picha ya kifua. Tabibu aliyeishika alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na saa kubwa, na aliinua ile picha kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti.

"Hapa kuna kivuli," akasema.

Siku hizo mtu wa kwetu akiwa na kivuli kifuani alikuwa na kifua kikuu, au alikuwa na ule ugonjwa mwingine ambao watu waliutaja kwa midomo bila kutoa sauti. Nilipimwa damu, nikakutwa sina. Nikatoa makohozi mara tatu, hawakuona mdudu wa TB hata mmoja. Mtu mwingine angejiuliza swali. Huyu hakujiuliza.

"Wadudu wakati mwingine hujificha," akatueleza, na akaanza kujaza fomu. Katikati ya fomu akasimama. "Mama anavuta sigara?"

Kabla sijafungua mdomo Mwalimu alicheka. "Daktari, huyu ni mke wa mzee wa kanisa!"

Kijana naye akacheka, akaandika hapana. Mimi niliangalia viatu vyangu. Hivyo ndivyo wanaume wawili waliosoma walivyomaliza kunichunguza, wakicheka, na mimi nikiwasaidia kwa kunyamaza.

Nilimeza dawa za TB miezi minane. Mkojo ukawa rangi ya Fanta, macho yakawa na rangi ya chai, na kila asubuhi nilikwenda kazini nimejifunga leso kifuani ndani ya blauzi kwa sababu kupumua kulikuwa kama kuchomwa na pasi. Niliporudi kwa yule tabibu kumwambia sipati nafuu, aliniuliza kama nameza dawa vizuri. Nikamwambia nameza. Akaniangalia kama mwalimu wa zamu anavyomwangalia mtoto aliyechelewa, akaniambia nizidi kumeza. Akina mama wa kanisani nao walikuja kuniombea, wakala mandazi yangu, wakamwambia shetani atoke kifuani mwangu. Shetani alikaa. Sikuwalaumu sana, maana wao angalau hawakudai kuwa wamesoma kazi hiyo.

Aliyeona ni mama mkwe. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, ambaye hakusifu kitu katika maisha yake yote, wala mvua. Nilipoolewa aliniambia mbele ya wageni kwamba sikuwa chaguo lake. Jumapili moja mkono wangu ulishindwa kufika mgongoni nikioga, nikamwita mmoja wa wasichana wangu anisaidie, akaja yeye. Alinisugua mgongo. Kisha mkono wake ukasimama ubavuni.

"Hii ni nini?"

"Ni kifua, mwaitu. Nameza dawa."

Akabonyeza. Nikapiga kelele.

"Kifua hakioti nundu," akasema. "Mwiitu wakwa, hii kitu imetoka ndani. Inatafuta mlango."

Miaka yote mimi nilimwita mwaitu, mama, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza yeye kuniita binti yake. Alitoka nje na beseni, na nikamsikia uani akimuuliza Mwalimu, kwa Kikamba kikali, miaka yote hiyo katika chuo cha ualimu walimfundisha nini ikiwa anamwogesha mgonjwa kwa dawa ambayo haioshi. Mwalimu akajaribu kumweleza habari za wadudu wanaojificha. "Basi mpeleke Nairobi wakamtafute huyo mdudu," akamkata. "Usipompeleka wewe, nitampeleka mimi, na nitawaambia wote njiani kwamba wewe umebaki nyumbani."

Tulikwenda Jumatano.

Huko Nairobi waliniingiza katika mashine ya mviringo inayopiga picha za ndani kipande kwa kipande, kisha wakanidunga sindano ndefu kati ya mbavu kuchukua nyama kidogo ya lile donge. Baada ya majuma mawili tukaitwa kwa daktari mpasuaji. Nilikuwa nimejitayarisha kumdharau. Nilikuwa nimezoea. Alikuwa mtu mfupi, sauti yake ya chini hadi ukalazimika kuinama, na viatu vyake havikuwa vimeona rangi tangu vinunuliwe. Lakini aliniangalia mimi, si Mwalimu.

"Mama, hii si TB," akasema. "Haijawahi kuwa TB. Ni kansa ya pafu. Imeanza ndani ya pafu, upande huu wa chini, ikakua hadi ikatoka nje na kuingia kwenye ukuta wa kifua. Ndiyo maana unasikia uchungu. Inakula mbavu."

Mwalimu akauliza, "Sasa si ndiyo imeisha?"

"Wengi hufikiri hivyo. Hata madaktari wengine. Wakisikia imeingia ukutani wanamrudisha mgonjwa nyumbani." Alisema hivyo kwa dharau iliyonifurahisha sana. "Mimi naangalia kitu kingine. Hapa katikati ya kifua kuna tezi. Kama haijafika kwenye tezi, wala kwingine mwilini, tunaweza kuitoa."

Akageuza fomu ya maabara, akachora nyuma yake kwa kalamu. Akachora pafu, akachora mbavu kama ngazi, akachora donge limekaa juu ya vyote viwili.

"Sitalibandua kwenye mbavu," akasema. "Nikilibandua litapasuka, nitakuwa nimelimwaga kifuani mwako. Nitatoa sehemu ya pafu na mbavu zilizoshikana nayo, vyote pamoja, kipande kimoja."

"Kama doa lisilotoka," nikasema. "Unakata doa pamoja na kitambaa."

Akaacha kuchora. "Ndiyo. Na unaacha nafasi pande zote, ukate kwenye kitambaa kizima. Unafanya kazi gani, mama?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaridhika. Zaidi ya mwaka nilikuwa nimezungukwa na watu wa kalamu, na huyu alikuwa wa kwanza kunieleza mwili wangu kwa maneno ambayo fundi angeweza kuyafanyia kazi.

Kisha akafungua faili langu lililotoka Machakos.

"Hapa wameandika huvuti sigara."

"Havuti," akasema Mwalimu.

"Namuuliza mama." Hakupandisha sauti. "Sikuulizi nikuhukumu. Anayevuta lazima aache majuma kadhaa kabla ya kupasuliwa, na asidanganye. La sivyo, nikishatoa kipande, makohozi yanajaa kwenye pafu linalobaki, na mtu anakufa kwa nimonia na kidonda changu kizuri kifuani. Kwa hivyo nauliza."

Niliangalia ule mchoro. Niliziangalia zile mbavu za kalamu.

"Miaka ishirini na miwili," nikasema.

Mwalimu akanigeukia. "Miaka ishirini na miwili ya nini?"

"Ya sigara."

Akaangalia ule mchoro, akaniangalia mimi. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau hadi leo. "Za aina gani?"

Sijui aina gani ingekuwa afadhali. Labda kuna aina ambayo wake wa wazee wa kanisa wanaruhusiwa. Tulipotoka nje, kwenye benchi la korido ambapo watu wazima walikuwa wamekaa na mirija kifuani, mume wangu aliinama, akashika kichwa, nikadhani analia kwa ajili yangu. Nikamwekea mkono begani.

"Unajua hii itanifanyia nini kanisani?" akasema.

Nikauondoa mkono.

Majuma yaliyofuata hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima, chumvi iko wapi na kadhalika. Nadhani alimweleza mama yake akitumaini kupata msaada. Nilikuwa jikoni, wao mlangoni. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, akatoa kikopo chake cha ugoro, akavuta tundu la kulia, akavuta la kushoto, akapiga chafya, akajifuta.

"Mimi navuta tumbaku kwa pua tangu wewe hujazaliwa," akamwambia, "na Jumapili unanipeleka kanisani umenishika mkono. Kutoka puani hadi mdomoni ni mbali namna gani?"

Mwalimu akaenda kusahihisha vitabu.

Niliacha sigara kwa hasira. Siwezi kusema ilikuwa imani au nguvu za roho. Kila nilipoitamani, nilimkumbuka kijana wa tai nyembamba akiandika hapana, na hasira ile ikatosha saa nzima. Nilipumulia kwenye mashine kupimwa nguvu ya mapafu. Walinitoboa juu kidogo ya kifua, chini ya shingo, wakachukua tezi kuzipima, zikawa safi. Kisha daktari akanipandisha ngazi za hospitali kwa miguu, yeye pembeni yangu, mikono mfukoni.

"Ukichoka simama," akasema.

Nilipanda ghorofa tatu. Kwenye ya pili mbavu zilikuwa zinawaka na macho yameingia giza, lakini sikutaka kumpa mwanaume mwingine yeyote nafasi ya kuandika jambo kunihusu kwenye faili. Juu kabisa aliangalia saa yake, akanisikiliza ninavyohema, akasema, "Utaweza." Lilikuwa neno moja tu, na nililibeba hadi Kangundo.

Siku ya kusaini, muuguzi wa wadi alitaka sahihi ya mume.

"Mume wako yuko wapi, mama?"

"Yuko darasani, anafundisha watoto wasiseme uongo."

"Tunahitaji asaini."

"Mbavu ni zake?"

Akaniangalia, akanipa kalamu. Nikasaini mwenyewe.

Nilipoamka sikujua niko wapi ila nilijua upande gani nimekatwa. Kuna uchungu unaokaa mahali fulani mwilini, lakini huu ni mimi niliyekuwa nimekaa ndani yake. Mirija miwili ilitoka ubavuni ikaingia kwenye chupa sakafuni zilizokuwa na maji, na kila nilipopumua maji yalitoa mapovu. Daktari alikuja na viatu vyake vilevile. Akaniambia ametoa sehemu ya chini ya pafu la kulia pamoja na vipande vya mbavu tatu, ya tano, ya sita na ya saba, kitu kimoja, bila kulipasua donge. Pale penye shimo ameshona wavu wa plastiki, akauvuta ukakaza, ili kifua kisibonyee ndani nikipumua na mfupa wa bega usinase humo.

Nikamuuliza kwa sauti iliyobaki, "Umeshona mshono gani?"

Alinieleza. Aliinama kitandani akanionyesha kwa vidole jinsi uzi unavyozunguka ubavu wa juu na ubavu wa chini. Ulikuwa mshono mzuri. Ningempa kazi.

Tatizo la baada ya hapo ni kukohoa. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu aliyekatwa kifua hufanya kazi moja tu, kukohoa, na kwamba kila kikohozi ni kama kifua kinapasuliwa tena. Mtaalamu wa mazoezi alikuja asubuhi na jioni. Alisema nisipokohoa makohozi yatanizamisha, na kwamba lazima mtu anishikilie mto kwa nguvu kwenye kidonda wakati nikikohoa. Wauguzi walikuwa wawili kwa wadi nzima.

Siku ya tatu Mwalimu akaja. Alivaa suti ya Jumapili, sijui kwa nini, labda alidhani anakuja kwa mambo mengine. Mtaalamu hakumuuliza yeye ni mzee wa nini. Alimpa mto. "Bonyeza hapa. Kwa nguvu. Usimwonee huruma."

Alibonyeza. Nilikohoa, nikatukana kwa maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua, na yeye akageuza uso ukutani huku mikono yake imekaza palepale. Aliomba ruhusa shuleni, akarudi kesho yake, na kesho kutwa, kwa siku tisa. Hakusema samahani. Siku ya tano aliacha kugeuza uso ukutani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na si kwa sababu nilikuwa nimemsamehe, maana sikuwa nimemsamehe.

Akina mama wa kanisani nao walifika, sita kwa pamoja, wakazunguka kitanda. Walitaka kuona shimo. Nilipokataa, mmoja wao akasema Adamu alitolewa ubavu mmoja tu akapata mke, mimi niliyetolewa tatu nitapata nini. Wakacheka hadi muuguzi akaja. Mimi sikuweza kucheka kwa sababu ya mishono, na ndiyo mara pekee nilipotamani kucheka nao.

Majibu ya maabara yalisema kingo zote za kile kipande zilikuwa safi. Daktari alinisomea mwenyewe, kidole kwenye mstari. "Hii ndiyo habari tuliyoitaka," akasema. "Sikuahidi kitu. Utakuja kila baada ya miezi mitatu, baadaye kila sita. Na ukirudia sigara, usirudi kwangu." Nilimpenda kwa hilo la mwisho.

Sasa, jambo la ushuhuda.

Nilipopata nguvu za kukaa ibada nzima, mchungaji alitangaza kwamba Jumapili itakayofuata dada yetu atasimama aeleze jinsi maombi na kufunga kwa kanisa kulivyomwondolea ugonjwa. Hakuniuliza. Jumamosi jioni Mwalimu alizunguka nyumba mara tatu kabla ya kuingia.

"Kesho," akasema, "si lazima utaje ile maneno."

"Maneno gani?"

"Unajua."

Sikuwa nimeamua, na mtu asidhani nilikuwa shujaa. Niliposimama mbele, kipaza sauti katika mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukupanda, nilikuwa na maneno mazuri ya kawaida yamejipanga mdomoni. Mchungaji akasema, "Tueleze, dada, Bwana alivyokugusa." Nikaona kitambaa changu cheupe kichwani kama ninavyokiona kwenye picha, na nikachoka. Nilichoka tu.

Nikasema namshukuru Mungu, na kwamba aliyenigusa alikuwa na kisu. Nikasema nilimezeshwa dawa ya ugonjwa nisio nao kwa miezi minane. Nikasema niliulizwa swali moja la maana katika miezi hiyo yote na nikanyamaza kwa aibu. Nikasema nilivuta sigara miaka ishirini na miwili, nikiwa nimekaa safu ya pili. Kisha nikarudi kukaa.

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji aliomba wimbo, na mpiga kinanda akaanza mwingine kabisa.

Majuma machache baadaye wazee wa kanisa walikutana, wakamshauri Mwalimu apumzike kidogo katika uzee wake. Walitumia neno hilo, apumzike, kana kwamba amechoka kubeba mawe. Walinishangaza kwa haraka yao watu hao, maana walikuwa wamechukua miaka mitatu kuamua rangi ya mlango wa vestri, kile chumba cha kuvalia majoho. Mwalimu alikuja nyumbani, akavua koti, akakaa. Nilingoja anilaumu. Alisema, "Mmoja wao alikuwa ananuka sigara. Nilikuwa nimekaa karibu naye." Akaanza kucheka, polepole kwanza, kisha hadi mama yake akaja kuuliza kuna nini.

Watu waliokuja kuniona baada ya hapo walikuja mmoja mmoja, kupitia nyuma. Mwanamke mmoja wa kwaya aliniambia mumewe anakohoa damu na anaambiwa ni homa ya mapafu. Mwingine alitaka kujua niliachaje sigara. Nilimwambia nilitumia hasira, na kama hana, nitamwazima. Waliponiona sokoni mchana, wote wawili walinisalimia kwa mbali.

Imepita miaka, na bado niko. Kila ninaporudi Nairobi wananipiga picha, na wavu wangu uko pale kifuani, unaonekana kama kivuli chepesi ambacho daktari mgeni huwa anakiangalia mara mbili. Kiwandani sikurudi, mkono wa kulia hauwezi tena kuinuka kupita bega. Nashonea nyumbani, magauni na sare za shule. Kitu kimoja sikiwezi kabisa, nacho ni kuanika nguo kwenye kamba. Mwalimu ndiye anayeanika. Anaanika mashati kwa kola, sketi kwa pindo, soksi mbili mbili kwa pini moja, kwa makosa yote yanayowezekana, nami nakaa mlangoni na kumwambia. Hasikii. Anaendelea kuanika.